Kimya cha Katani

Mwanangu Mwanahawa,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, unaimba huku ukikunja nguo, na kesho utaondoka Korogwe kwenda Handeni kufungua gereji yako. Sitakuandikia ule nini, ulale wapi, wala uamkie nani. Umri wa kuambiwa hayo umeupita. Nakuandikia kwa sababu juzi, tulipokuwa tukipakia jeki na boksi la spana, uliniuliza swali na mimi nikajifanya sikulisikia.

"Mama," ulisema, "viwanja vyote vilivyoko kule, kwa nini ulinitafutia kinachotazamana na lango la Fundi Zuberi?"

Nikasema barabara ile ina magari mengi. Ukanitazama kama unavyoitazama nati iliyofungwa vibaya.

"Mimi naenda kutengeneza magari," ukasema. "Siendi kugombana na mtu."

Jibu langu nimeliandaa kama ninavyoandaa hotuba, kwa kuwa maisha yangu yote nimesimama mbele za watu na sijui namna nyingine ya kusema jambo zito. Kiwanja kile nilikitafuta kwa makusudi. Nilikataa vingine vilivyo bora, kimojawapo kikiwa na kivuli na maji ya bomba, nikasubiri mpaka kile kilipopatikana. Ninamtakia Zuberi mabaya. Nimemtakia mabaya tangu ulipokuwa darasa la sita, kwa utulivu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwagilia mche wake kila asubuhi na hataki jirani aone.

Nusu ya habari hii unaijua wewe kuliko mimi. Ulikuwa likizo kwa Bibi yako kule mlimani Lutindi, kifua chake kilipombana. Wewe ndiye uliyemvalisha viatu, ukamfunga kilemba, ukaketi naye barazani na mfuko wake miguuni, mkinisubiri nije nimteremshe hospitali. Umenisimulia jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa kusikiliza bondeni, na jinsi alivyokuwa akisema, "Bado sijalisikia." Hiyo ni nusu ya barazani. Nusu ya barabarani sijawahi kukusimulia. Usiende Handeni ukiwa na nusu.

Pikapu yetu ya kijani ilikuwa imeanza kulia muda kabla ya hapo. Wakati ule nilikuwa mwalimu mkuu Handeni, na kila nilipopata nafasi nilikuja Korogwe na kupanda Lutindi kumwona mama yangu. Nikikanyaga mafuta kwenye mnyoosho wa Sindeni, sehemu ya nyuma, chini, hutoka sauti nyembamba, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Nikiachia mafuta, sauti hushuka na kuwa manung'uniko. Nikikanyaga tena, nyuki hurudi. Leo ungekuwa umeketi pembeni yangu, ungeniambia kabla hatujamaliza mlima wa kwanza: sauti inayobadilika kwa mguu wa dereva na kutokea nyuma ni meno ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, Mama, yanakulana; tufungue tuone kabla hayajaisha.

Bibi yako aliipenda sauti ile. Aliisikia ikipanda kutoka chini ya majengo ya zamani ya misheni, naye akabandika chai. Nilipofika, kikombe changu kilikuwa kinatoa mvuke. "Gari lako hutangulia kupiga hodi," alikuwa akiniambia. "Usilibadilishe."

Mimi niliionea haya. Nilikuwa mtu wa kualikwa, mtu wa kukaa meza ya mbele, na sikupenda watu wageuze vichwa kabla sijashuka. Siku moja kwenye mahafali, mzazi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mwalimu mkuu kaja na mashine ya kusaga! Leteni mahindi!" Watu wakacheka hadi nilipokuwa nimekwisha kukaa. Kesho yake nikaenda kwa Zuberi.

Zuberi nilimfundisha mwenyewe. Alipofungua gereji yake, nilikuwa mgeni rasmi. Nilisimama chini ya turubai lake jipya nikawaambia watu wa Handeni kwamba kijana huyu ana masikio ya kusikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Walipiga makofi. Walimpelekea magari yao kwa maneno yangu.

"Shikamoo, mwalimu," alinipokea.

"Marahaba, Zuberi. Niondolee kelele hii. Inanitia aibu."

"Aibu ya mwalimu wangu ni aibu yangu. Liache hapa. Jioni utalikuta linapumua kama mtoto aliyeshiba."

Yapime maneno yangu, mwanangu. Sikumuuliza gari lina nini. Sikumwambia apande nami nimwonyeshe sauti inapoanzia. Nilimwagiza kelele iondoke, na mtu akiagiza kelele iondoke, amekwisha kumwonyesha mwongo mlango wa kuingilia. Jioni nilipolichukua, gari lilikuwa kimya. Nikalizungusha sokoni mara mbili kwa raha tu. Nikarudi, nikampa mkono mbele ya vijana wake, nikasema, "Mmeona? Huyu ndiye fundi."

Ulipopiga simu kwa simu ya jirani wa Bibi, niliondoka shuleni bila kuaga. Gari lilikwenda kimya mpaka Korogwe, na kimya kile kilinipa moyo. Nilijiambia, angalau gari ninalo. Nilipoiacha lami na kuanza kupanda, nilikanyaga mafuta kuliko nilivyopata kukanyaga. Katikati ya mlima nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, harufu ya kamba iliyotupwa motoni. Nikadhani ni shamba linachomwa. Kisha ukatoka mlio mmoja mzito chini ya sakafu, na magurudumu ya nyuma yakakaza. Injini inanguruma, mguu wangu uko mwisho wa pedali, na gari halisogei hata kwa upana wa kiganja.

Gari pekee lililokuwapo huko juu lilikuwa limeshuka Mombo na mboga za watu. Nilitembea, nikakimbia, mwishowe nikapata bodaboda. Kijana yule alikuwa akiniuliza njia nzima, "Mama, mgonjwa ataweza kukaa kwenye pikipiki?" nami nikamwambia aongeze mwendo. Nilipofika ulikuwa bado umemshika mkono. Viatu vyake vilikuwa miguuni.

Sijui kama angepona. Hakuna daktari aliyepewa nafasi ya kulijua hilo. Najua kwamba angefika.

Baada ya mazishi gari lilivutwa hadi hapa mjini. Fundi aliyefungua difu aliniita nikaone. Ndani mlikuwa na oili kidogo sana, na kilichobaki kilikuwa nyuzi. Katani, mwanangu. Katani iliyokatwa vipande vifupi, ikachanganywa na grisi, ikashindiliwa ndani kama pamba kwenye mto, na sasa imeungua nusu yake.

"Hii wanaita kulilaza gari," fundi yule akaniambia. "Nyuzi zinakaa kati ya meno, meno hayalii tena. Lakini oili haizunguki, beringi zinaungua. Wanalifanyia gari bovu siku ya kumwonyesha mnunuzi."

Tumezaliwa katikati ya mashamba ya katani. Tunafungia mbuzi kwa katani, tunasukia kamba za vitanda, mafundi bomba huizungusha kwenye maungio ya bomba maji yasivuje. Kwa mtu wa huku, katani ni dawa ya kila kinachovuja na kila kinacholegea, na Zuberi aliichukulia hivyo hivyo. Hakuhitaji hata kuinunua. Aliokota kipande cha kamba barabarani.

Nikaziweka nyuzi zile ndani ya kopo la maziwa, nikarudi Handeni, nikaliweka kopo juu ya benchi lake. Vijana wake walikuwapo. Wateja walikuwapo.

"Mwalimu, shikamoo. Pole na msiba."

Sikumwitikia. "Hii ni nini, Zuberi?"

Akachungulia. "Katani."

"Imefuata nini ndani ya difu langu?"

"Mwalimu, uliniambia nikuondolee kelele. Ilibaki? Niambie mbele ya hawa: gari lilipotoka hapa, lilikuwa na kelele?"

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nikamwambia Zuberi kwamba mama yangu amekufa akilisubiri gari lile. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole, akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Siku za mzee zilifika, mwalimu. Usimtafutie Mungu msaidizi."

Kisha akanisogelea, akashusha sauti kwa adabu, kama mwanafunzi anayemnong'oneza mwalimu wake asimwaibishe. "Na ukitaka kuwaambia watu, waambie. Lakini ni wewe uliyewaleta hapa, kwa mdomo wako. Utawaambia ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo?"

Mimi, niliyezoea kunyamazisha uwanja kwa kunyanyua kidole, nilinyoosha mkono juu ya benchi. Nililichukua kopo langu, nikaondoka. Nikaomba uhamisho. Tukahamia Korogwe, na Handeni sikusema neno. Nililinda heshima ya hotuba yangu, na watu wakaendelea kumpelekea magari kwa makofi niliyompigia mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya difu, na sikuombi unionee huruma kwa hilo. Nakuomba ulitengeneze.

Nilijifunza sauti za magari kwa chuki. Wenzako walifundishwa na mama zao kusuka. Wewe nilikuketisha kituoni Mombo, mahindi ya kuchoma mkononi, nikakutaka uniambie kila basi linaloondoka linalia nini.

"Lile?"

"Feni belti, Mama. Imelegea. Linapiga kelele likiondoka tu, likichanganya linanyamaza."

"Na lile lori?"

"Bati la kukinga joto kwenye ekzosi. Linatikisika injini ikifika mzunguko fulani, ukipita unaacha. Hilo haliui mtu."

"Na hii teksi inayogonga kama maharage makavu kwenye sufuria?"

"Mafuta mabaya, au moto unawahi kuwaka. Inapanda mlima na gia kubwa. Mama, mahindi yangu yanapoa."

Wachuuzi walikucheka, wakakuita Fundi Kibinti. Hukujua kwamba nilikuwa nakunoa.

Sasa unajua ninavyotaka umnyang'anye Zuberi mji ule. Sitaki umseme. Ukimsema, utakuwa umemfanyia kazi yake, maana watu watasema mwalimu na binti yake wana wivu. Mteja akija akikuambia, "Fundi, niondolee kelele hii," usishike spana. Mwambie hupokei kazi hiyo. Unapokea kazi ya kujua kelele inasema nini. Kisha usimwache benchini. Mpandishe. Kule wamezoeshwa kuacha ufunguo na kurudi jioni, na ndani ya mchana huo ambao hawaoni ndimo Zuberi anamokula.

Mwanzo, gari likiwa limesimama na gia iko huru, mwambie akanyage mafuta mwenyewe. Sauti ikitoka hapo, magurudumu hayana kesi. Mko kwenye injini, mikanda, ekzosi au mipira inayoishikilia injini. Ikikataa kutoka, mwende barabarani. Mwonyeshe mlio mmoja wa kugonga, ko, mara tu klachi inapoachiwa na gari linapoanza kuvuta: hiyo ni krosi ya propela, kiungo cha mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na inaweza kukatika. Mwonyeshe mvumo unaokua kwa mwendo bila kujali mguu wake uko wapi, halafu kata kona aone unavyoongezeka upande mmoja: beringi ya gurudumu. Akiisikia kwa sikio lake, hatadanganywa tena na mtu yeyote, hata na wewe. Nataka Handeni ijae watu wa namna hiyo. Nataka kila mmoja wao, akipita lango la ng'ambo, amuulize Zuberi swali ambalo mimi sikumuuliza, naye ashindwe kumtazama usoni. Wavuke barabara mmoja mmoja, yeye akiwaona. Ukitaka kujua kwa nini kiwanja kinatazamana na lango lake, ni hapo.

Kopo la maziwa nimeliweka chini kabisa ya boksi lako la spana. Liweke rafuni. Mteja akiuliza, mfungulie aone, umweleze kazi yake. Usitaje jina. Mji ule si mkubwa.

Limebaki jambo moja, na nimelizunguka barua nzima.

Mwezi uliopita, niliposhuka kutoka kaburini kwa Bibi yako, nilikaa Mombo kusubiri basi. Zuberi alikuwa ng'ambo ya barabara, ananunua ndizi. Amezeeka kabla ya umri wake. Mwanamke wa ndizi alimtajia bei, akamwambia, "Ee?" Akamtajia tena, akasema, "Ee?" hadi yule mama akamwonyesha kwa vidole na kumtania, "Babu, masikio umeyaacha gereji?" Miaka ya nyundo na injini imemla masikio. Hakunitambua. Akapanda gari lake, mkewe yuko mbele, mtoto mdogo yuko mapajani mwa mkewe, nadhani mjukuu. Akaachia klachi.

Ko.

Nililisikia toka ng'ambo ya barabara, katikati ya mabasi. Akabadilisha gia: ko. Yeye akaendelea kumenya ndizi kwa mkono mmoja.

Nilikuwa na nafasi ya kunyanyua mkono. Sikuunyanyua. Nilikaa nikalitazama gari lile likienda, na moyoni nilisema maneno yake mwenyewe, kwamba siku zikifika zimefika. Nilijisikia vizuri, mwanangu. Sitakudanganya. Nilijisikia vizuri mpaka Korogwe, nilipofika stendi na kugundua kwamba nimekaa njia nzima nimeinamisha kichwa, nasikiliza, kama mtu aliye barazani.

Propela haijakatika. Nimeulizia kwa njia zangu, bado analiendesha. Atalileta kwako. Fundi asiyesikia hawezi kuuliza vijana wake kama gari lake linalia, wataanza kumcheka. Atavuka barabara siku ambayo wateja wamepungua, atasema amekuja kukukaribisha mjini, na ataondoka na gari lile mbele yako, nawe utalisikia. Ndiyo maana nataka uwe pale.

Usimwache aende. Nimelipima hili kwa muda mrefu na siandiki kwa wema. Akifa barabarani, hatajua chochote, na watu watamzika kwa maneno mazuri, pengine waniite nizungumze. Sitaki afe. Wala usimlazie gari kwa katani, ingawa najua mkono utakuwasha. Mwite, "Mzee Zuberi, shikamoo, gari lako linagonga." Atakubishia. Mpandishe kiti cha abiria, uendeshe wewe, uachie klachi, na umuulize, "Umesikia?" Atasema hakuna kitu. Rudia. Muulize tena. Mchukue mlimani umuulize. Mfanye akuambie mara nyingi iwezekanavyo kwamba haisikii, kwa mdomo wake, mtu niliyemsifia masikio mbele ya mji mzima.

Kisha rudi gereji, lala chini ya gari, ufungue krosi, uishike mbele ya macho yake, aone jinsi beringi zake zilivyosagika. Funga mpya. Paka grisi kama ulivyofundishwa, kaza kila nati kama gari la mama yako. Usipokee malipo yake. Akiuliza wewe ni mtoto wa nani, mwambie wewe ni mjukuu wa yule mzee wa Lutindi aliyekufa amevaa viatu. Usiongeze neno. Mkabidhi ufunguo.

Nataka alipande gari lile kila siku iliyobaki ya maisha yake, mkewe pembeni na mjukuu mapajani, likiwa kimya kwa haki. Na kila akiachia klachi, bila kitu kugonga, akumbuke kimya hicho kimetoka mkononi mwa nani.

Mama yako.